Pombe, Vijana na Ahadi ya Kipaimara: Funzo kutoka Historia ya Kanisa Kilimanjaro

Kila mwaka, msimu wa kipaimara unapofika, sisi wachungaji tunakuwa na siku moja ndefu. Asubuhi kanisa limejaa. Vijana wa kiume wamevaa suti, wa kike wamevaa magauni meupe, wazazi wamekaa mbele, na ndugu wamesafiri kutoka Arusha na Dar es Salaam. Vijana wanaulizwa kama wanamkataa Shetani na kazi zake zote, nao wanajibu kwa sauti moja. Tunawawekea mikono. Tunawakaribisha kwenye Chakula cha Bwana kwa mara ya kwanza. Ibada ikiisha tunaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba, maana kila mzazi anataka mchungaji afike kwake. Tunakuta turubai, spika kubwa, ndafu mezani, na pembeni kreti za soda na kreti za bia zimepangwa. Tunaombea chakula, tunakula kidogo, tunampa kijana neno la kumtia moyo, kisha tunaaga kwa sababu nyumba ya jirani inasubiri.

Yanayofuata baada ya sisi kuondoka hatuyaoni. Pengine ni kweli zaidi kusema kwamba hatujataka kuyaona.

Katika makala hii tunataka kuangalia nyuma kidogo, ili tuelewe tulifikaje hapa. Washarika wengi wanalia juu ya vijana wao. Pombe kali, bangi, mirungi na unga vimeingia katika nyumba za watu wanaosali, na nyumba za wachungaji hazikuachwa. Tukikaa na wazazi tunasikia maneno yaleyale: kwamba ni mambo ya siku hizi, kwamba zamani haikuwa hivyo. Historia ya Kanisa letu mlimani Kilimanjaro inaonyesha kwamba jambo hili lina mizizi mirefu zaidi. Pombe ilikuwapo kabla ya Kanisa kuwapo. Kilichobadilika ni watu waliokuwa wakisimama kati ya kijana na pombe. Walipoondoka mmoja mmoja, kijana alibaki peke yake nayo.

Mbege mikononi mwa wazee

Wachagga walikunywa mbege kabla ya Injili kufika. Wasomaji wanaotoka mlimani wanajua inavyotengenezwa. Ndizi mbivu huchemshwa kwa saa nyingi mpaka zigeuke nyekundu, kisha huachwa siku kadhaa mpaka zichachuke. Huchujwa, na maji yake huchanganywa na uji wa kimea cha ulezi, na gome la msesewe hutiwa ili kuipa uchungu wake. Ulezi ulilimwa chini ya mlima katika mashamba yaliyonyweshwa kwa mifongo, ile mifereji iliyochimbwa na mababu kutoka kwenye mito. Pombe yenyewe haikai. Isiponywewa mapema huharibika. Kwa hiyo ilikuwa kazi ya watu wengi na ya siku nyingi, na hakuna aliyeweza kuiweka mfukoni akaondoka nayo.

Mbege ilikuwa na mahali pake. Ilipelekwa wakati wa kuposa na kulipa mahari. Ililetwa wakati wa kupatanisha waliogombana, wakati wa kugawa kihamba, na wakati wa kuwashukuru majirani waliosaidia kujenga. Mangi alipata sehemu yake. Kata ilizunguka kwa utaratibu, na utaratibu huo ulianza kwa mzee. Kijana aliyekaa karibu alionjeshwa na mkubwa wake, na mkubwa huyo ndiye aliyejua wakati wa kumwambia inatosha.

Kijana huyo alifundishwa pia. Katika mafundisho ya jando wazee walitumia fimbo iliyochongwa alama, iitwayo mregho, na kila alama ilikuwa na somo lake: mwenendo wa mtu mzima, heshima kwa wazazi, namna ya kuishi na mke na jirani. Mwanafunzi hakufundishwa peke yake. Alikuwa na rika lake, na aibu ya mmoja ilikuwa aibu ya rika.

Hata hivyo tusipambe mambo ya kale kupita kiasi. Walikuwapo wazee walevi, na wake zao walijua maana yake. Magomvi yalizaliwa kwenye mbege kama yanavyozaliwa leo kwenye baa. Tena mbege ilimiminwa kwa ajili ya mizimu, na hapo ndipo wahubiri wa kwanza wa Injili walipopata shida nayo. Hatuwaiti washarika warudi katika ibada za mababu. Tunasema tu kwamba pombe ya zamani ilikuwa na uzio, na uzio huo ulikuwa watu.

Wamisionari wa Leipzig na swali la pombe

Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, wakajenga kituo chao cha kwanza Nkarungo. Walikuwa Walutheri kutoka Ujerumani, nchi ambayo watu wake wamekunywa bia tangu enzi na enzi. Martin Luther mwenyewe alikunywa bia, na mkewe, Katharina von Bora, alikuwa akiitengeneza nyumbani kwao Wittenberg. Lakini Luther huyohuyo alihubiri mwaka 1539 juu ya kiasi, akiwakaripia Wajerumani wenzake kwa ulevi uliokuwa umewashika wakubwa kwa wadogo. Kwa hiyo mapokeo yetu hayakuiita pombe yenyewe dhambi. Bwana wetu aligeuza maji kuwa divai harusini Kana. Lakini mapokeo hayohayo yanamsikia Mtume Paulo anapowaonya Waefeso, katika sura ya 5, wasilewe kwa mvinyo, na yanaisoma Mithali 23 inayomwonyesha mlevi akiwa na macho mekundu, jeraha zisizo na sababu, na hamu ya kuamka akatafute tena.

Msimamo huu ni mzuri, lakini ni mgumu kuulinda. Asemaye usinywe kabisa ana mstari ulio wazi. Asemaye kunywa kwa kiasi anahitaji mtu wa kumwonyesha kijana kiasi ni nini, leo na kesho, kwenye harusi na kwenye msiba. Msimamo wa kiasi hausimami bila malezi.

Mmisionari mmoja aliliona jambo hili kuliko wenzake wengi. Bruno Gutmann alifika nchini mwaka 1902 na sehemu kubwa ya utumishi wake aliifanya Old Moshi, mpaka alipoondoka mwaka 1938. Alikaa na wazee, akasikiliza, akaandika. Mwaka 1926 alichapisha kitabu kikubwa kuhusu sheria za Wachagga, na kati ya 1932 na 1938 vikatoka vitabu vitatu vyenye mafundisho ya jando aliyoyapokea kutoka kwa wazee hao. Aliamini kwamba ukoo, ujirani na rika ni vifungo ambavyo Mungu amewapa wanadamu, na kwamba Injili ikija haina sababu ya kuvikata. Inapaswa kuviingia na kuvitakasa.

Kwa hiyo alifanya jambo ambalo wengi wetu tumelisahau. Kwa desturi ya Wachagga, vijana wa rika moja waliunganishwa kuwa wenzi wa ngao: waliosimama bega kwa bega vitani, ngao ya mmoja ikimfunika mwenzake. Gutmann aliichukua desturi hiyo akaileta katika darasa la kipaimara. Vijana waliunganishwa katika vikundi vidogo vidogo, na kila mmoja akawa na wajibu juu ya mwenzake. Kijana akianguka, mtu wa kwanza kuulizwa alikuwa mwenzi wake.

Gutmann alikosea katika mambo mengine. Aliiogopa miji, aliiogopa fedha, na hakufurahia sana elimu ya kizungu ambayo vijana wa Kichagga waliitamani kwa haki kabisa. Vijana hao hawakumsubiri. Walisoma, walilima kahawa, walikwenda mjini. Lakini mwalimu mwenye makosa aweza kuacha nyuma yake jambo moja la kweli, nasi tutalirudia hili la ngao mbele kidogo.

Kahawa, chupa na kiroba

Fedha ndiyo iliyobomoa uzio wa kwanza. Kahawa ilienea mlimani, na mwaka 1933 chama cha ushirika cha KNCU kikaanza kazi. Kahawa ililipa karo, ilijenga shule na makanisa, iliezeka nyumba kwa mabati, na tunamshukuru Mungu kwa hayo. Lakini kijana mwenye fedha yake mwenyewe hakuhitaji tena kusubiri kata ya mzee. Pombe ikaanza kuuzwa. Kilabu cha pombe hakikuuliza umri wala ukoo. Kiliuliza fedha. Nao wanawake wengi, wajane miongoni mwao, waliona kwamba kupika pombe ya kuuza ni njia iliyo wazi ya kupata ada ya shule. Jambo hilo lipo hadi leo, na wengine wao ni washarika wetu waaminifu. Tukiwanyoshea kidole bila kuwaonyesha njia nyingine ya kusomesha watoto, tutakuwa tumesema neno la kweli kwa moyo mgumu.

Uzio wa pili ulibomolewa kwa namna ya ajabu. Mataifa ya Ulaya yalikuwa yamekubaliana, katika Mkataba wa Brussels wa 1890 na baadaye ule wa Saint-Germain wa 1919, kuzuia biashara ya pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika. Chini ya utawala wa Waingereza, Mwafrika wa Tanganyika hakuruhusiwa kununua pombe kali za Kizungu mpaka miaka ya mwisho ya ukoloni. Sheria hiyo ilikuwa na faida yake, lakini ilifundisha pia somo baya: kwamba kuna pombe ya bwana na pombe ya mtumwa. Mzungu alikaa klabuni na chupa yake, Mwafrika akaambiwa hafai. Basi marufuku ilipoondolewa, chupa ikawa alama ya kwamba nasi ni watu. Viwanda vilikuwapo tayari, maana bia ilikuwa ikitengenezwa Dar es Salaam tangu miaka ya 1930. Hata leo mgeni wa heshima katika sherehe zetu hupelekewa bia na si mbege, na mwenye nyumba huona aibu kama kreti hazionekani. Aibu hiyo tumeirithi kutoka ukoloni. Haikutoka katika Injili wala katika mila ya mababu.

Uzio wa tatu ulikuwa mamlaka ya wazee. Mwaka 1963, mwaka uleule makanisa ya Kilutheri yalipoungana tarehe 19 Juni kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, likiongozwa na Askofu Stefano Moshi, serikali iliondoa madaraka ya machifu nchini. Hatulalamiki, taifa lilihitaji kuwa moja. Lakini tunapaswa kuona kwamba wazee wa ukoo na wa mtaa walipungukiwa na sauti, na watu wengi walidhani, kwa haki, kwamba Kanisa ndilo litakalosimama mahali pao.

Kisha ikaja pombe isiyohitaji mtu mwingine. Gongo ilikuwapo kwa miaka mingi, na sheria ya mwaka 1966 iliitaja kwa jina la moshi. Hupikwa kwa siri, huuzwa kwa siri, na mara nyingine imewapofusha na kuwaua watu kwa sumu iliyomo. Baadaye vikaja viroba: pombe kali katika vifuko vidogo vya plastiki, kwa bei ambayo hata mwanafunzi aliimudu. Kiroba kiliingia katika mfuko wa sare ya shule. Kiliingia bustanini, kwenye kituo cha bodaboda, kwenye basi la asubuhi. Serikali ilivipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017, nasi tuliipongeza kwa haki. Lakini chupa ndogo zimebaki madukani, na tabia ya kunywa peke yako, haraka, kwa kujificha, haikuondoka pamoja na plastiki.

Dawa za kulevya zimefuata njia hiyohiyo. Mirungi hulimwa na kupitishwa kwa siri katika sehemu za mkoa wetu, bangi iko karibu, na heroini, ambayo vijana huiita unga, iliingia kwanza miji ya pwani kwa njia za Bahari ya Hindi. Wengi wa watoto wa mlimani walioshikwa na unga waliupata mjini walikokwenda kutafuta maisha, mbali na kila mtu anayewajua kwa jina. Tangu mwaka 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kuwatibu kwa methadoni, na baadaye huduma hiyo ikafunguliwa katika mikoa mingine. Tumewahi kuwasindikiza wagonjwa huko. Mgonjwa hufika kila siku, huitwa kwa jina, hunywa dozi yake mbele ya muuguzi. Siku asipofika, kuna mtu anayejua kwamba hakufika. Tuliposimama pale tulijiuliza kama katika usharika wetu kuna mtu anayejua kwamba kijana fulani hakufika.

Kutenga bila kufuata

Kanisa lilifanya nini miaka yote hii? Lilihubiri, na lilitumia nidhamu. Mshirika aliyejulikana kwa ulevi aliitwa na wazee wa kanisa, akaonywa, na asipobadilika alitengwa na Meza ya Bwana mpaka atakapotubu na kurudi kundini. Nidhamu hiyo ina msingi wake katika Maandiko, katika Mathayo 18. Lakini tukiisoma sura hiyo yote tunaona kwamba kabla ya Bwana wetu kusema habari za kuonya, alisema habari za mchungaji aliyewaacha kondoo tisini na tisa akaenda mlimani kumtafuta mmoja. Sisi tumeshika ukurasa wa pili tukaruka wa kwanza.

Tunasema haya kwa sababu yametupata. Katika usharika mmoja tuliouhudumia miaka iliyopita kulikuwa na kijana aliyekuwa wa kwanza katika darasa la kipaimara. Katekisimu Ndogo aliisema yote bila kusita. Tulimwekea mikono, tukafika nyumbani kwao, tukaombea chakula, tukaaga. Baada ya miaka miwili mzee wa mtaa alileta taarifa kwamba analewa. Baraza likakaa. Aliitwa, hakuja. Aliitwa tena, hakuja. Jina lake likasomwa kanisani, tukaendelea na matangazo mengine.

Miaka mitatu baadaye tulimkuta kituo cha bodaboda asubuhi na mapema, akinuka pombe. Alivua kofia.

"Shikamoo, Mchungaji."

"Marahaba, mwanangu. Umepotea sana."

"Sijapotea, Mchungaji. Niko hapahapa kila siku."

Tulikaa naye kwenye benchi la kituo. Alituambia kwamba bia ya kwanza aliinywa siku ya kipaimara chake. Sisi tulipokwisha kuondoka, mjomba wake alifungua chupa, akampa mbele ya watu, akasema sasa umekuwa mwanaume, na watu wakapiga makofi. Hakuna aliyemwambia inatosha. Halafu akasema neno ambalo hatujalisahau: "Mliposoma jina langu kanisani, nilijua mtakuja nyumbani. Nilikaa ndani siku ile na siku ya pili yake. Hakuja mtu."

Hatuna mwisho mzuri wa kuwasimulia. Alikubali tumtembelee, akaacha kwa miezi kadhaa, akarudia, akaacha tena. Siku nyingine anakuja ibada ya jioni anakaa benchi la nyuma. Lakini baraza la wazee lilipokaa tena kujadili kijana mwingine, mzee mmoja aliuliza nani amekwenda kwake, na kikao kikanyamaza. Tangu siku ile hatusomi jina la mtu ambaye hatujakwenda kukaa naye.

Tuliyojifunza kutoka kwa waliotutangulia

Kanisa letu limewahi kuona watu wengi wakiacha pombe. Katika miaka ya 1930 Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, ulipita Uganda ukafika Buhaya, kwa Walutheri wa Bukoba, na katika miaka iliyofuata ukaenea sehemu nyingine za Tanganyika. Buhaya ni nchi ya migomba kama Kilimanjaro, na rubisi huko ilikuwa na heshima ileile ya mbege. Waliookoka waliungama dhambi zao mbele ya wenzao, na wengi waliiacha rubisi kabisa. Viongozi wengine wa Kanisa waliwatilia shaka, wakaona wanajihesabu haki kuliko wengine, na pengine mara nyingine ilikuwa kweli. Lakini tukiuliza waliwezaje kusimama, jibu moja liko wazi. Hawakuwa peke yao. Walikutana mara kwa mara, wakaulizana hali, wakaungamiana, wakaombeana. Aliyejaribiwa alikuwa na mahali pa kusema nimejaribiwa kabla hajaanguka.

Nabii Yeremia anatuletea ushahidi wa namna hiyohiyo katika sura ya 35. Mungu alimtuma awaite Warekabi katika nyumba ya Bwana, awawekee mabakuli yaliyojaa divai mbele yao, awakaribishe wanywe. Walikataa, kwa sababu baba yao Yonadabu alikuwa amewaagiza wao na wana wao. Agizo hilo lilikuwa la miaka mingi sana. Liliwezaje kudumu? Walikaa pamoja katika hema, na baba alimwambia mwana kwa maneno na kwa mwenendo wake. Mungu hakumwagiza Yeremia awaambie Yuda wote waache divai. Alimwagiza awaonyeshe watu ambao neno la mzazi lilikuwa bado linakaa ndani yao.

Wenzi wa ngao, ndugu wa Uamsho na Warekabi wanatuambia jambo moja. Kijana hulindwa na mtu aliye karibu naye. Sheria husaidia, mahubiri husaidia, lakini asiye na mwenzi huvipita vyote viwili.

Basi tunawaomba washarika tuanze na mambo yaliyo mikononi mwetu. La kwanza ni ile siku ya kipaimara. Wazazi wa darasa moja wakikubaliana mapema, mbele ya wazee wa kanisa, kwamba sherehe ya mtoto aliyekula Chakula cha Bwana asubuhi haitakuwa na pombe jioni, hakuna atakayeona aibu, kwa sababu nyumba zote zitakuwa sawa. Mzazi mmoja akijaribu peke yake atasemwa kuwa ni bahili. Wakifanya wote, itakuwa desturi. Nasi wachungaji tusiombee chakula na kukimbia. Kama hatuwezi kufika nyumba kumi kwa siku moja, tufike tatu na tukae, na nyingine tuzifikie wiki inayofuata.

La pili ni kuwarudishia vijana wenzi wa ngao. Darasani wapangwe wawili au watatu, na kila kikundi kikabidhiwe kwa mtu mzima mmoja, mwanamume kwa wavulana na mwanamke kwa wasichana. Kazi hiyo isiishe siku ya kuwekewa mikono, maana hapo ndipo inapoanza. Kijana akihamia Moshi mjini au Dar es Salaam, mtu huyo mzima na aandike barua au apige simu kwa usharika wa huko, ili kijana apokelewe kabla kituo cha basi hakijampokea.

La tatu ni kuwatazama walioshikwa tayari. Uraibu ni dhambi inayohitaji msamaha, na pia ni ugonjwa unaohitaji tiba. Aliyezoea pombe kali kwa miaka mingi akiacha ghafla bila msaada aweza kupata degedege hata kufa, kwa hiyo tusiridhike kumwekea mikono na kumwambia nenda. Tumsindikize hospitali. Tukae na mama yake, ambaye mara nyingi amenyamaza kwa aibu kwa muda mrefu kuliko tunavyojua. Na yule mjane anayepika pombe ili alipe ada, akina mama wa usharika wamwingize katika kikundi chao cha kuweka na kukopa, wampe mtaji wa kazi nyingine, ndipo wamwombe aache.

Hatuandiki haya kama watu waliofaulu. Tunaandika kama watu walioombea chakula wakaaga. Msimu wa kipaimara utarudi tena, turubai zitafungwa, na vijana wetu watajibu kwa sauti moja kwamba wanamkataa Shetani na kazi zake zote. Bwana wa kundi, uliyekwenda mlimani kumtafuta mmoja, utupe miguu ya kwenda nyumbani kwao, utupe na uvumilivu wa kukaa. Amina.